Usimwamshe Mama

Siku maharagwe yalipoungua, mwanangu hakuniamsha. Kilichoniamsha ni kikohozi changu mwenyewe. Nilifungua macho nikakuta keja nzima imejaa moshi, sufuria imekauka juu ya meko, maharagwe yamegeuka makaa, na yeye amejikunyata karibu na mlango, kiganja kimeziba mdomo. Alikuwa anazuia kukohoa. Mtoto wa miaka minne. Nilizima gesi, nikafungua mlango, nikamkokota hadi kwenye korido, nikamuuliza kwa ukali ambao hadi leo unaniaibisha, "Mbona hukuniamsha?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Si ulisema nisikuamshe."

Kweli nilisema. Nilikuwa nimesema kila siku kwa miezi minane, tangu nianze kazi ya usiku. Mama amelala. Vuta kiti polepole. Usicheze na mlango. Maneno yenyewe hata hayakuwa yangu, niliyarithi. Nilikulia Dandora, na baba alikuwa soja, akilinda godauni Industrial Area usiku kwa miaka 22. Tulikuwa watoto wanne katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande ule wa pazia, mchana, baba alilala. Upande huu tulijifunza kucheka bila sauti. Mara nyingine tulisahau, pazia likafunguka na mkanda ukatoka. Nilikua nikiamini baba ni mkali kwa asili, vile watu wengine walivyo warefu.

Sasa nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ghorofa ya sita, Pipeline, na mwanangu amejifunza kukohoa bila sauti.

*

Kazi yangu ni kujibu Wamarekani. Viatu havijafika, kadi imekatwa pesa mara mbili, neno la siri limekataa. Nawaandikia kwa jina ambalo si langu, na wao hudhani niko mtaa wa pili. Naingia saa tatu usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika Novemba wakarudisha saa zao nyuma, na sisi tunasogezwa saa moja mbele, ingawa hapa Nairobi jua halijui habari hizo. Jua letu hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, Januari hadi Desemba, kama mwajiriwa mwaminifu.

Watu hudhani shida ya kazi ya usiku ni usiku. Usiku unapita. Kuna chai, kuna stori, kuna yule jamaa wa dawati la pili anayecheza rumba kwa sauti ya chini saa tisa. Shida ni asubuhi. Nafika nyumbani saa moja na nusu nikiwa nimechoka hadi meno. Naoga, najitupa kitandani, na hapo hapo macho yanafunguka kama ya bundi. Moyo unaenda mbio. Pampu ya maji inaanza kunguruma, wanawake wanaburuta mitungi kwenye ngazi, yule anayenunua vyuma kuukuu anapita na spika yake, ndege inashuka kuelekea JKIA. Giza ninalo, dirisha langu linatazama ukuta wa ploti ya jirani, umbali wa mkono mmoja, na hata saa sita mchana lazima niwashe taa kuona chumvi. Na bado sipati hata lepe la usingizi. Nageuka. Naangalia simu. Nahesabu: nikilala sasa hivi nitapata saa sita. Baadaye: nikilala sasa nitapata saa nne. Baadaye nalia kidogo, halafu nalala kwa saa moja unusu, naamka nikidhani nimechelewa.

Siku ya maharagwe nilikuwa nimeyaweka saa tatu asubuhi. Ilikuwa Aprili, shule zimefungwa. Nilijiambia sitalala, maana silali siku zote, kwa hivyo acha niketi kitandani nikiyangojea. Hiyo siku ndiyo usingizi uliamua kuja.

Wiki iliyofuata nilisinzia kazini katikati ya mazungumzo, kidole juu ya kibodi. Mteja huko Ohio alipokea herufi "j" mistari minne. Aliandika kuuliza kama niko salama, na kusema kweli ndiye mtu pekee aliyeniuliza hivyo mwezi huo. Kampuni ilinipa bahasha moja yenye karatasi mbili: barua ya onyo, na namba ya mshauri nasaha ambaye ningemwona mara sita bila kulipa.

*

Nilitarajia tembe. Ama kuambiwa nipunguze mawazo, ushauri ambao Nairobi hutolewa bure kila mahali. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu, na alichonipa ni fomu. Shajara ya usingizi. Kila siku, kwa wiki mbili, niandike niliingia kitandani saa ngapi, nadhani nilipata usingizi saa ngapi, niliamka mara ngapi, nikatoka saa ngapi, nikanywa nini.

Niliporudi aliisoma na kukunja uso. "Hapa ulilala saa tatu, ukaamka saa tano. Halafu usiku wote uliobaki?"

"La, daktari. Saa tatu asubuhi."

Akacheka, akaomba radhi, akachukua kalamu nyekundu akaanza upya. Lakini lile kosa lilinikaa kichwani. Saa zetu huanza kuhesabiwa mapambazuko. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, na ile ya usiku ni saa ya kwanza ya giza; tarakimu zile zile, upande wa pili wa kitambaa. Mimi nilikuwa nimehamia upande wa pili. Nilikula saa sita, nililala saa tatu, kila kitu sawa kabisa kwenye karatasi, ila jua lilikuwa mahali pasipo pake. Mtu akiniambia "lala salama" nilikuwa naenda kazini.

Alipiga hesabu. Kwa siku nilikuwa nakaa kitandani saa tisa, na katika hizo nalala saa nne unusu. Nusu. "Kitanda chako," akasema, "kimejua kwamba hapo ni mahali pa kupigana."

Hiyo ndiyo tiba yenyewe, tiba ya tabia na fikra kwa watu waliokosa usingizi. Haina siri. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari Marekani, kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishiwe hiyo kabla ya dawa. Sehemu zake ni za zamani kuliko mimi. Moja ilitoka kwa Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda ni cha kulala tu, na ukikosa usingizi kwa kama dakika ishirini, toka, nenda ukakae mahali pengine hadi kope ziwe nzito. Nyingine ilielezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987: punguza muda wa kukaa kitandani hadi ulingane na usingizi unaoupata kweli, halafu uuongeze kidogo kidogo.

Hii ya pili ndiyo iliyonikasirisha. Aliniandikia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa nane mchana. Saa tano unusu. Nje ya hapo, kitandani nisionekane.

"Daktari, nimekuja hapa kwa sababu silali. Sasa unanipunguzia?"

"Sikupunguzii usingizi. Nakupunguzia kitanda."

Akanieleza kuhusu njaa. Unapokuwa macho, kuna kemikali inaitwa adenosini inayojikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyojaa ndivyo usingizi unavyokuvuta. Ukilala vipande vipande siku nzima, ni sawa na mtoto anayepewa biskuti kila saa halafu unashangaa amekataa ugali. Kafeini nayo huziba pale ambapo adenosini ingekaa. Saa tano hivi baada ya kikombe, karibu nusu yake bado iko mwilini. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa ya mwisho saa kumi alfajiri, ili nifike saa kumi na mbili bila kuanguka. Ikawa ninabeba ile kahawa hadi kitandani.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama naendesha gari, na nikifika nyumbani nashika nini cha hatari. Nikamwambia habari ya maharagwe. Nilikuwa sijamwambia mtu. Aliandika kitu kwenye fomu, kisha akasema kwa sauti ile ile ya taratibu kwamba wiki za kwanza za tiba hii usingizi hubana zaidi kabla haujalegea, kwa hivyo hashuki chini ya saa tano kwa yeyote, na mimi sipiki chochote nikitoka kazini, hata chai. Nichukue chapo na maharagwe kwa kibanda. Nilicheka. Yeye hakucheka.

*

Sasa nikuulize wewe unayeishi kwenye singo: ukiambiwa toka kitandani uende chumba kingine, utaenda wapi?

Keja yangu ni futi kumi kwa kumi. Kitanda ni kochi, ni meza ya kulia, ni pale mtoto anapofanyia homuweki na dada yangu mdogo anapopaka kucha rangi. Vitabu vya tiba hii viliandikwa na watu wenye sebule. Nilimwambia mshauri hivyo, nikidhani nimemshinda. Akaniuliza kuna nini nje ya mlango. Korido. Na baada ya korido? Ngazi.

Basi nikawa mwanamke wa ngazi. Saa tatu na nusu asubuhi, leso kiunoni, nimeketi kati ya ghorofa ya sita na ya tano nikitazama ukuta. Simu ilikatazwa. Wiki ya kwanza nilikuwa natoka mara tatu kwa asubuhi moja. Wanawake waliopanda na maji walininyanyua macho na kunishusha. Mmoja aliuliza kama nimefungiwa nyumba na keateka. Mwingine alimwuliza dada yangu kama nimefutwa kazi. Pale ndipo nilipogundua kwamba kwa miezi minane nilikuwa nikificha usingizi wangu kama ulevi. Nilikuwa naanika nguo asubuhi nikiwa hoi, ili nionekane nimeamka. Kwetu mwanamke anayelala mchana ana jina, na si jina zuri.

Mshauri aliukamata huo uzi akauvuta. Kikao kizima cha tatu hatukuzungumzia kitanda. Alinifanya niandike sentensi zinazonijia nikiwa macho. Nisipolala sasa nitafutwa. Usingizi wa mchana si usingizi. Nimekuwa kama baba. Halafu kila moja akaiuliza kama wakili: umeenda kazini mara ngapi bila kulala? Mara nyingi. Ulifutwa? Bado. Zile siku ulilala saa nne, ulifanya kazi? Nilifanya, vibaya kidogo. Ile ya tatu aliiacha. Aliizungushia duara tu.

Kulikuwa pia na mambo ya mwanga. Nyuma ya macho, ndani ya ubongo, kuna kijisehemu cha seli kama 20,000 kinachoshika saa ya mwili mzima, na kinairekebisha saa hiyo kwa mwanga unaoingia machoni. Saa nyingine ndogo ziko ndani ya seli karibu zote. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufichua mtambo wake, wakimchunguza nzi wa matunda. Kwangu maana yake ilikuwa rahisi: nikitoka kazini jua linachomoza, na mathree ya kutoka tao kwenda Embakasi inaelekea mashariki, jua usoni moja kwa moja, likiuambia mwili wangu kwamba siku ndiyo inaanza. Nikanunua miwani ya jua ya shilingi mia mbili. Makanga mmoja aliizoea sana. "Madam, hata jua lenyewe halijaamka poa na wewe ushajificha." Na usiku, saa za kwanza za zamu, nikahamia dawati lililo chini ya taa kali ambalo kila mtu alikuwa analikimbia.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya. Wueh. Nilikuwa nasinzia nikiwa nimesimama, nikamkasirikia kila mtu, nikaiandikia fomu matusi. Ya tatu, siku moja, niliingia kitandani saa mbili na nusu na kitu kilichofuata nilichokumbuka ni saa saba. Nilidhani nimekufa. Niliandika kwenye shajara: saa nne unusu, bila kuamka. Hesabu ya saa ni ile ile ya zamani, lakini kipande kimoja. Ni tofauti ya shilingi mia na sarafu za mia zilizotawanyika chini ya kochi.

Tuliongeza robo saa kila wiki. Mwanangu akawa anakaa kwa mama wa ghorofa ya tano kuanzia akitoka shule saa saba hadi nitakapoamka, shilingi hamsini kwa siku, na siku yake ya kwanza huko nilisikia, kupitia sakafu, akipiga kelele za kuchezea gari. Nililala na kelele hizo.

*

Mwezi wa pili zamu zikabadilishwa. Wiki mbili mchana, halafu usiku tena, kwa sababu timu nyingine ilikosa watu. Kila kitu kikaanguka. Nilirudi kwa mshauri nikiwa nimekasirika, kikao cha tano, nikamwambia tiba yake imekufa. Hakujitetea. Alisema utafiti mwingi nyuma ya tiba hii ulifanywa kwa watu wanaolala usiku, kwamba mfanyakazi wa zamu humfaidi pia lakini si kwa wepesi ule ule, na kwamba yeye hana uwezo wa kuitibu ratiba.

Nilimheshimu kwa hilo, na bado nina hasira. Mimi nilifanya yote. Nilikaa kwenye ngazi, nilivaa miwani, niliacha kahawa, nilibishana na mawazo yangu kwa maandishi. Mtu mmoja akaburuta jina langu kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya usiku, mwaka 2007, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na 2019 likarudia kusema hivyo. Jambo lenye uzito huo huwezi kumwachia mfanyakazi na shajara yake peke yake.

Nilichapisha zile fomu zote, wiki kumi, nikazibandika kwa stepla, nikampelekea timu lida. Sikuomba mchana, nilijua sitapata. Niliomba usiku usiobadilika. Alizigeuza kurasa kama mtu anayesoma menyu ya hoteli ghali. Nilikubaliwa hadi Desemba. Baada ya hapo "tutaona". Kwa sasa nalala kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tisa, na nusu saa nyingine jioni kabla ya kuondoka. Siku zangu za mapumziko silali usiku mzima kama watu wa kawaida. Nalala saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, ili mwili usipoteze njia. Misa ya kwanza nimeisahau. Kuna asubuhi bado natoka kwenda kwenye ngazi.

Huko nina mwenzangu sasa. Kijana wa ghorofa ya saba anayeoka mikate usiku, unga bado kwenye nyusi. Hatuongei sana. Mmoja akianza kupiga miayo, mwingine anamwambia, "Haya, nenda."

*

Kikao cha sita, mshauri alirudi kwenye ile sentensi yenye duara. Akaniuliza kama nimewahi kumwuliza baba alikuwa analalaje.

Baba alistaafu, yuko Kakamega. Nilimpigia saa kumi usiku nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, nikijua atapokea. Hadi leo usiku haumwoni kitandani. Alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Mama, kuna nini?" Huniita hivyo, jina la mamake.

Nikamwambia hakuna kitu, nauliza tu. Wakati ule wa godauni, mchana, alikuwa analala?

Alinyamaza, nikasikia vyura. "Hiyo haikuwa kulala. Nilikuwa nafunga macho. Nikisikia mmecheka, naona kama mmenicheka mimi." Halafu akasema, "Nikishindwa kabisa nilikuwa natoka nje."

Nilikumbuka. Baba amekalia mtungi mlangoni saa nne asubuhi, na fulana yake nyeupe, macho mekundu, hasemi. Tulidhani ametoka kutulinda tusipige kelele. Tulikuwa tunatawanyika kila mmoja upande wake tukimwona.

Nikamweleza kwamba hiyo ni tiba, kwamba kuna mzungu aliiandika 1972. Haikumshangaza hata kidogo. Nikamweleza na habari ya maharagwe. Aliuliza mtoto yuko aje. Nikamwambia sasa ananiamsha kwa kila kitu, jana aliniamsha kunionyesha kiroboto.

"Na wewe ukikosa usingizi, unatoka unaenda kukaa wapi?"

"Kwa ngazi, baba."

"Ngazi za simiti?"

"Eeh."

"Simiti ina baridi, mama. Utapata mgongo. Beba gunia ukalie."